Kuhamisha maua ya kudumu: udongo umelowa, mche bado unanyauka. Tatizo nini?

Sepetu Kuukuu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Swali hili nimelijibu kwa mtu mmoja mmoja mpaka nimechoka, bora nishushe uzi tumalizane. Linakuja hivi: "Nimehamisha maua yangu, namwagilia asubuhi na jioni, udongo umelowa chepechepe, lakini majani yamelegea. Niongeze maji?"

Jibu fupi: usiongeze. Jibu refu linafuata, vuteni viti.

Nazungumzia maua ya kudumu, yale unayopanda mara moja yakarudi mwaka hadi mwaka kutoka mizizi ileile: agapanthasi, kana, airisi, dalia, jabera, krisanthemu, deizi na wenzao. Ya msimu, yanayotoa mbegu na kufa, leo hayatuhusu.

Mche haunywi maji kwa ile mizizi minene unayoiona ukiung'oa. Ile ni mabomba na ghala. Kazi ya kunywa inafanywa na vinyweleo vyembamba mno vilivyoota karibu na ncha za mizizi midogo. Kinyweleo huishi siku au wiki chache tu, na mche hutoa vipya kadiri ncha inavyosonga mbele. Ukitia sepetu, hata uwe na mkono mwepesi namna gani, ncha nyingi zinabaki kwenye shimo la zamani. Majani huko juu hayana habari. Yanaendelea kupoteza maji hewani kama jana, ila chini wanywaji hawapo. Kwa hiyo mche una kiu katikati ya maji.

Sasa wewe unaona kiu, unamimina. Udongo ukijaa maji, hewa inafukuzwa kwenye vinafasi vyake, na mzizi nao unahitaji oksijeni. Mzizi uliokatwa ukikosa hewa hauchipui ncha mpya, unaoza. Ukioza majani yanalegea zaidi, nawe unarudi na kopo. Hivyo ndivyo nilivyoua kichaka kizima cha deizi, kwa huruma tupu.

Kosa la pili ni kina. Kila mmea una shingo, pale majani yanapokutana na mizizi. Watu wengi, mimi nikiwamo miaka ya mwanzo, tunaona mche ukiyumba tunaufukia zaidi ili usimame. Jabera ukiifukia shingo inaoza kabla hujasahau siku uliyoipanda. Ikae usawa wa udongo au juu yake kidogo. Airisi zile zenye ndevu tunguu lake (shina nene la chini) hulala juu juu, mgongo ukiota jua. Ukilizika linabaki majani matupu bila ua, au linaoza. Pioni, kwa walio kwenye baridi ya kutosha kuilea, macho yake yasizidi sentimita 5 chini ya udongo, ukipita hapo utangoja ua miaka na miaka. Kwa upande mwingine kana inakubali kufukiwa sentimita 7 hadi 10, na kiazi cha dalia 10 hadi 15. Hakuna kina cha maua yote. Kabla hujang'oa, angalia alama ya udongo kwenye shina, irudishe palepale.

Wakati. Kanuni yangu ni moja: usiuguse mche ukiwa kazini. Ukiwa na maua, nguvu zake zote ziko juu. Subiri umalize kuchanua, kisha chagua kipindi ambacho udongo una joto na mvua iko karibu. Kwenye maeneo yenye majira ya baridi kali, wanaochanua mwanzo wa joto huhamishwa karibu na mwisho wake, na wanaochelewa kuchanua huhamishwa baridi ikishapita. Siku ya mawingu, alasiri, upate usiku mzima wa kupumzika. Saa sita ya jua kali ni mauaji.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Mwagilia siku moja kabla. Chimba shimo jipya *kwanza*, ndipo ung'oe, mizizi isikae uchi ikikungoja utafute jembe. Shimo liwe pana mara mbili ya bonge la mizizi lakini si refu kwenda chini kuliko bonge lenyewe, maana udongo uliolegezwa chini utazama, na mche utazama nao. Rudisha udongo uleule uliochimba. Mbolea ya chumvichumvi siku hiyo sahau, mizizi yenye vidonda haitaki chumvi. Shindilia kwa vidole si kwa kisigino, mwagilia mara moja kwa kushiba, tandaza matandazo ya sentimita 5 hivi bila kugusa shingo, weka kivuli kwa wiki moja au mbili. Kisha ondoka.

Baada ya hapo kopo lisitoke mpaka kidole kiseme. Chomeka kidole sentimita 5. Pakiwa na unyevu, rudi ndani. Majani yakilegea mchana na kusimama jioni, mche uko salama, unajipanga tu. Yakiwa yamelegea alfajiri, hapo una kesi.

Karibuni.

---

Tumba Jeupe

Mkuu, umenigusa. Jabera zangu tatu zote zimeondoka kwa staili hiyohiyo, katikati pameoza, ukivuta majani yanatoka yote mkononi kama kofia. Nilidhani ni wadudu. Kumbe nilizika shingo.

Swali: iliyobaki moja ina vichwa vitatu vimesongamana. Naweza kuigawa, au niiache tu?

---

Sepetu Kuukuu

Igawe, lakini ngoja imalize ua lililopo. Inua bonge lote, tikisa udongo uone vichwa vinavyotaka kuachana. Vile vinavyoachana kwa mkono, achanisha kwa mkono. Penye kung'ang'ania tumia kisu kilichopitishwa kwenye spiriti. Kila kipande kiwe na mizizi yake, kisicho na mizizi usijidanganye nacho. Ukimwagilia, maji yapite pembeni, yasituame katikati ya majani.

---

Bibi wa Vichaka

Wanangu, hamjambo. Haya mengi nakubaliana nayo, ila mleta mada amepita haraka mno kwenye jambo la majani. Ukikata mizizi nusu ukaacha majani yote, unatarajia nini? Mimi nikihamisha, nakata majani mpaka yabaki shubiri moja. Airisi, agapanthasi, hemerokali, wote. Nimefanya hivi tangu baadhi yenu hamjazaliwa.

---

Sepetu Kuukuu

Shikamoo bibi. Kwa airisi sikupingi hata kidogo, ile kuikata kama upepeo wa sentimita 15 ndiyo njia yake, majani yake marefu yanashika upepo na kuung'oa mche kabla haujashika ardhi. Hemerokali vilevile.

Lakini kukata kila mmea mpaka kipara naona kunauchelewesha. Mizizi mipya inatengenezwa na sukari, na sukari inatoka kwenye majani. Hata ile homoni inayouambia mzizi uchipue, auksini, hutengenezwa zaidi kwenye ncha changa za juu. Ukifyeka zote umefunga jiko na kumfukuza mpishi. Mimi naondoa maua na matumba yote bila kuyahurumia, kisha majani makubwa ya nje kiasi cha theluthi. Kazi iliyobaki naiachia kivuli.

---

Bibi wa Vichaka

Marahaba. Kivuli chako unakiweka na nini? Maana mwingine anafunika na nailoni, mche unachemka humo ndani.

Theluthi nakubali kwa yenye majani laini. Agapanthasi sikubali. Majani yake manene yanakunja, yanavunjika, mwisho yanaoza juu ya shingo. Bora niyakate mwenyewe.

---

Sepetu Kuukuu

Kikapu kilichopasuka, nakipindua juu ya mche. Hewa inapita, jua linaingia kwa vidoti. Agapanthasi tuachane hapohapo bibi, wewe kata, mimi niache, tukutane kwenye maua.

---

Mtu wa Mboji

Mbona hamzungumzii maji ya sukari? Mimi nikihamisha nachanganya kijiko cha sukari na kidonge cha vitamini B1 kwenye lita moja, namimina kwenye shimo. Haijawahi kunitupa. Na unga ule wa kuotesha mizizi nao naunyunyiza.

---

Tumba Jeupe

Hii ya sukari na mimi nimeisikia sana. Mleta mada njoo.

---

Sepetu Kuukuu

Nakuja. Vitamini B1 ina historia ya kweli ndani ya maabara: vipande vya mizizi vilivyotengwa na mmea, vikikuzwa kwenye chupa, huihitaji. Mche mzima una majani, unajitengenezea wenyewe. Majaribio ya kuwapa miche iliyohamishwa hayajaonyesha faida. Sukari nayo mche huitengeneza juu na kuishusha. Ya kwenye shimo watakaoshangilia kwanza ni kuvu na sisimizi.

Unga wa mizizi ni kitu kingine, una auksini, na kwenye vipandikizi vya shina unasaidia kweli. Mche wenye mizizi yake tayari hauna shida nao.

Mkuu, nadhani inayokubeba ni ile lita moja ya maji unayomimina taratibu shimoni, basi.

---

Mtu wa Mboji

Inawezekana. Lakini siachi, mche wangu mmoja ukifa nitakulaumu wewe.

---

Kivuli cha Saa Saba

Wakuu, mimi mgeni, naomba msaada wa haraka. Nimepanda deizi nyeupe siku 6 zilizopita. Zilikuwa kwenye viriba, afya njema kabisa. Nimechimba shimo, nikachana kiriba, nikaingiza. Namwagilia kila siku. Jana nimesoma uzi huu nikaogopa, nikaacha. Leo alfajiri majani yote chini. Kidole nimechomeka pembeni, udongo umelowa kabisa. Kwa hiyo nimeshaziozesha?

---

Sepetu Kuukuu

Pole ndugu. Dalili zote ni za maji mengi. Legeza udongo pembeni upate hewa, sogeza matandazo, usimwagilie siku 3 hadi 4, weka kivuli. Kama shingo bado ngumu kuna matumaini.

---

Bibi wa Vichaka

Subiri kwanza. Mjukuu wangu, kidole umechomeka *wapi* hasa? Kwenye udongo wa bustani yako, au ndani ya lile bonge lililotoka kwenye kiriba?

---

Kivuli cha Saa Saba

Pembeni bibi, kama sentimita 10 kutoka kwenye shina. Sikutaka kuumiza mizizi.

---

Bibi wa Vichaka

Basi bado hatujui kitu. Mche wa kiriba siku 6 mizizi yake yote iko ndani ya bonge, haijatoka nje hata unywele. Na ule udongo wa kwenye viriba mara nyingi ni mwepesi, mboji nyingi. Ukikauka sawasawa unakataa maji. Unamwagilia, maji yanateleza pembeni ya bonge, yanakwenda kulowesha udongo wa jirani. Nje tope, ndani jangwa.

Chukua kijiti kama cha mshikaki, kichomeke katikati ya bonge karibu na shina, kaa dakika tano, kichomoe. Tuambie kimetoka vipi.

---

Kivuli cha Saa Saba

Bibi. Kimetoka kikavu. Hakina hata tope, kina vumbi!

Nifanyeje?

---

Bibi wa Vichaka

Jioni hii inua kwa uangalifu, mmoja mmoja. Tumbukiza bonge lote kwenye ndoo ya maji. Litaelea kwanza, lishike. Utaona mapovu yanatoka. Mapovu yakiisha, limelowa. Litoe lichuje. Kisha angalia mizizi: kama imezunguka bonge mviringo kama kamba, ichane kwa vidole, au piga kisu mikato mitatu minne ya juu kwenda chini. Usipofanya hivyo itaendelea kuzunguka humohumo mwaka mzima, itadhani bado iko kwenye kiriba.

Rudisha kwenye shimo, bonge ligusane na udongo pande zote. Na siku zijazo mwagilia *karibu na shina*, juu ya bonge lenyewe, mpaka mizizi itoke.

---

Sepetu Kuukuu

Hapa nimepigwa bao na nakubali hadharani. Nilivyoandika pale juu nilikuwa na picha ya mche unaotoka ardhini kwenda ardhini, udongo wa aina moja. Mche wa kiriba au wa chungu ni kesi nyingine. Kidole kinapaswa kuingia kwenye bonge, si pembeni. Ndugu, samahani, ushauri wangu wa siku 3 bila maji ungezimaliza.

Na kwa wengine: loweka kiriba kwenye ndoo *kabla* ya kupanda, usingoje yatokee haya.

---

Mtu wa Mboji

Sasa mnaona. Mleta mada anapinga sukari huku anakaribia kuua deizi za watu kwa ukavu 😂

---

Sepetu Kuukuu

Umeshinda hiyo moja.

---

Nyuki Mmoja

Nimefuatilia kimya kimya, nina kesi isiyonyauka kabisa. Nilihamisha krisanthemu kutoka nyuma ya nyumba nikazileta mbele, karibu na mlango, ili wageni wazione. Zimeshika vizuri, majani ya kijani kibichi, zimerefuka mpaka kiunoni. Ua hakuna. Zile nilizoziacha nyuma, shina mama lilelile, zinajaa maua. Samadi nimewapa sawa. Jua la mbele ndilo kali zaidi. Nimekwama.

---

Tumba Jeupe

Samadi imezidi labda? Nitrojeni nyingi inaleta majani.

---

Nyuki Mmoja

Samadi ni ileile, gunia moja, nimegawa katikati.

---

Sepetu Kuukuu

Mlangoni pana taa?

---

Nyuki Mmoja

Ipo, ya ukutani, inawaka usiku kucha kwa usalama. Inahusiana nini?

---

Sepetu Kuukuu

Inahusiana na kila kitu. Krisanthemu ni mmea wa siku fupi. Unapima urefu wa *giza*, si wa mwanga. Ukipata usiku mrefu usiokatizwa, unajua wakati wa kuchanua umefika. Giza likikatizwa na taa, hata isiyo kali, mmea unahesabu bado ni majira ya siku ndefu, unaendelea kujenga majani. Garner na Allard waliandika habari hizi mwaka 1920, wakianzia kwenye tumbaku iliyokataa kuchanua shambani. Wakulima wa maua ya kukata wanautumia ujanja huo kila siku: wanawasha taa usiku kuyazuia, wanafunika kwa shuka jeusi kuyaharakisha.

Kwa hiyo hukukosea kuhamisha hata kidogo, mizizi yako iko sawa. Umezihamishia tu mahali ambapo usiku haufiki.

---

Nyuki Mmoja

Duh. Taa siwezi kuzima.

---

Bibi wa Vichaka

Basi zifunike. Ndoo kubwa nyeusi au kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, jua likizama weka, asubuhi toa. Saa 13 za giza zinatosha, usiruke hata usiku mmoja. Fanya mpaka matumba yaanze kuonyesha rangi. Ukichoka kufunika, zirudishe nyuma ya nyumba.

---

Tumba Jeupe

Kumbe kuhamisha si mizizi tu. Nikiwa hapahapa: agapanthasi. Niligawa kichaka mwaka juzi, vipande nane. Vyote hai, hakuna kilichochanua. Jirani yangu ana kichaka kimoja kimebanana kwenye chungu hadi kimekipasua, na kinachanua kila mwaka. Nimelogwa?

---

Bibi wa Vichaka

Hujalogwa. Umevikata vidogo mno. Agapanthasi ukiigawa, mara nyingi inaruka mwaka mmoja au miwili bila ua, inajenga mizizi kwanza. Kipande chenye kichwa kimoja kinachelewa zaidi ya chenye vichwa vitatu. Wala usivisogeze tena ukidhani mahali ni pabaya! Hapo ndipo watu wanapojipoteza: kila mwaka anahamisha, kila mwaka mmea unaanza upya.

---

Sepetu Kuukuu

Nakazia. Na hii ya "agapanthasi inapenda kubanwa" ina ukweli nusu. Ikibanana kidogo inachanua vizuri, lakini ikifika mahali haina nafasi ya hata maji kuingia, maua yanapungua na katikati panakufa. Chungu kikipasuka, ndiyo inaomba kugawanywa. Angalia pia kama imekaa kwenye kivuli kingi, maana agapanthasi ya kivulini ni majani tu.

---

Mtu wa Mboji

Swali la kweli safari hii, bila sukari. Nitajuaje kichaka kimefika wakati wa kugawa? Hemerokali zangu zina miaka minne hapo.

---

Bibi wa Vichaka

Tazama katikati. Kichaka kinakua kwenda nje, kitovu kinazeeka. Ukiona pete ya majani na katikati upara kama kichwa cha mzee, wakati umefika. Au maua yamepungua ukubwa na idadi ilhali hujabadilisha kitu. Hemerokali miaka 3 hadi 5 ni kawaida yake.

Zikiwa zimeshikana sana chomeka uma mbili za bustani, mgongo kwa mgongo, katikati ya bonge, kisha zitanue vipini. Panapasuka penyewe bila kukata mizizi mingi. Kile kitovu kikongwe tupa kwenye shimo la mboji. Panda vya pembeni, ndivyo vichanga. Shingo ya hemerokali ifunikwe sentimita 2 au 3 hivi, siyo zaidi.

---

Kivuli cha Saa Saba

Samahani kuingilia. Dalia nazo zinagawanywa vilevile? Mwenzangu kanipa viazi viwili, vizuri vikubwa, havina shina. Nimevipanda mwezi uliopita, kimya.

---

Sepetu Kuukuu

Vina kipande chochote cha shina la zamani pale shingoni?

---

Kivuli cha Saa Saba

Hapana, vimekatwa safi, kama viazi vitamu.

---

Sepetu Kuukuu

Basi havitaota. Hapa wengi wanadanganywa na kiazi mviringo, ambacho kina macho mwili mzima kwa sababu chenyewe ni shina lililonenepa. Kiazi cha dalia ni mzizi, ni ghala tu. Macho yako juu, kwenye ule mviringo wa shina kuukuu kiazi kilipobanduka. Kiazi kikubwa bila jicho kinaweza kukaa ardhini miezi, kikatoa hata mizizi, kisitoe chipukizi kamwe. Kidogo kama kidole chenye jicho moja kinashinda. Ukigawa dalia, subiri macho yavimbe kidogo uyaone, ndipo ukate, kila kiazi kiondoke na kipande chake cha shingo. Mahali ulipokata paachwe pakauke siku moja mbili kabla ya kupanda. Na ukishapanda usimwagilie sana mpaka chipukizi litokeze.

Kana nayo hivyohivyo kuhusu jicho, ila tunguu lake lina macho mengi, hakuna presha. Kana yenye majani ya michirizi ya njano isiyo ya asili yake usiigawe wala kumpa mtu. Mara nyingi ni virusi, na kila kipande kinaondoka navyo. Kisu kioshwe kabla ya kugusa kichaka kingine.

---

Tumba Jeupe

Na yapi hayagawanyiki kabisa? Nisije nikapasua kila kitu bustanini.

---

Bibi wa Vichaka

Lavenda. Inaonekana kichaka, ukichimba unakuta shina moja la mti. Ukiipasua umepata kuni. Hiyo unachukua vipandikizi. Yenye mzizi mkuu mmoja mrefu, kama popi na lupini, pia iache ilipo. Panda mbegu mahali pake pa kudumu. Na bugenvilea, ingawa ni mmea wa shina gumu si wa kichaka laini: mizizi yake inakatika ukiitazama tu. Ikitoka kwenye kiriba usiichane ile mizizi kama nilivyomwambia mjukuu wa deizi. Kata kiriba, ishike chini kwa mikono miwili, iweke nzima.

---

Kivuli cha Saa Saba

Narudi na ripoti ya deizi. Nililoweka zote nne jioni ileile. Bibi, mapovu yalitoka karibu dakika kumi! Mizizi ilikuwa imezunguka kama kiota, nikachana. Asubuhi yake mbili zilisimama, ya tatu ikachukua siku mbili. Ya nne imekufa, nadhani nilikata sana. Leo siku ya 9, moja imetoa jani jipya katikati.

Viazi vya dalia nimevichimbua. Vina mizizi mizuri kabisa, macho hakuna. Kama alivyosema mkuu.

---

Bibi wa Vichaka

Hongera mjukuu. Hiyo ya nne usiing'oe bado. Ikwangue shingo kwa kucha, kama ndani ni kijani au nyeupe imara, ngoja wiki tatu.

---

Nyuki Mmoja

Na mimi ripoti. Nusu ya krisanthemu nimezifunika kwa ndoo nyeusi kila magharibi, nusu nimeziacha kwenye taa ili nione kwa macho yangu. Usiku mmoja nilisahau, nikaamka saa nane kwenda kufunika, nyumba nzima wananicheka. Leo ni wiki ya 5. Za taani bado zinarefuka. Za kwenye ndoo nimehesabu matumba 14, madogo kama punje za mtama.